Jeff Mills na wenzake: kutoka Tony Allen hadi shimo jeusi la Tokyo (uzi maalumu)

#1 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, maana kila nikikaa kuuandika nakuta mzee ametoa kitu kingine. Leo nauandika hivyohivyo. Atakachotoa kesho tutakiongeza huko chini.

Namzungumzia Jeff Mills, DJ na mtunzi wa tekno, muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine, mzaliwa wa Detroit, Marekani, Juni 1963. Kwa wanaopita tu: huyu ndiye kijana aliyekuwa akisikika redioni Detroit miaka ya 1980 kwa jina la The Wizard, akibadilisha santuri haraka kiasi kwamba wimbo ulikuwa haujapoa mwingine umeshaingia. Baadaye akaanzisha kundi la Underground Resistance pamoja na Mike Banks, Robert Hood akaungana nao. Mwaka 1992 akafungua lebo yake, Axis, na mpaka leo yuko nayo. "The Bells", ule ambao kengele zake zikianza kulia ukumbi mzima unanyoosha mikono, ni wake.

Hayo yameandikwa sana, tuyaache. Ninachotaka tukijadili ni kazi zake za miaka ya karibuni, kwa sababu naona wengi tunakosea namna ya kuzisikiliza. Mtu anachukua kazi mpya, anaitafuta ngoma ya mwaka 1996, haikuti, anafunga. Mimi nasema hivi: kazi zake zilizo hai zaidi tangu 2018 ni zile alizopiga na watu wengine, hasa zile ambazo mashine imelazimika kumsubiri binadamu.

Nifafanue hapo, maana ndipo penye uzi wote.

Mashine yake ya midundo ni Roland TR-909, iliyotengenezwa Japani kati ya 1983 na 1985. Chini ina vitufe 16 kwenye mstari mmoja. Taa ndogo inakimbia toka kushoto kwenda kulia, ikifika mwisho inaanza upya. Ukibonyeza kitufe, pigo linakaa hapo na litajirudia mpaka ulitoe. Watu wengi wanapanga mapigo yao, wanaiacha izunguke, kisha wanashughulika na mambo mengine. Mills haiachi. Tafuta Exhibitionist 2 ya mwaka 2015, ile sehemu aliyosimama na 909 peke yake bila santuri hata moja, kamera ikiwa imekodolea vidole. Mkono mmoja unaondoa ngoma kubwa, mwingine unaongeza toazi. Anapandisha sauti ya kitu kimoja kwa kuzungusha kidogo tu, anaishusha kabla taa haijamaliza safari. Yule ni mpiga drams, ila ameweka vijiti chini. Na kweli, ujanani alianza na drams kabla ya kuwa DJ.

Sasa mtu wa namna hiyo mweke jukwaani na Tony Allen.

Walipiga pamoja Paris, ukumbi wa New Morning, Desemba 2016. Septemba 2018 ikatoka Tomorrow Comes the Harvest chini ya lebo ya Blue Note, Jean-Phi Dary akiwa kwenye kinanda. Ni kazi fupi, nyimbo nne tu ukiacha matoleo yaliyokatwa: "Locked and Loaded", "The Night Watcher", "On the Run" na "The Seed". Tony Allen, kwa asiyemjua, ni mzaliwa wa Lagos, 1940, mpiga drams wa Fela Kuti hadi 1979, na Fela mwenyewe alikiri kwamba bila yeye Afrobeat isingekuwepo.

Mashine inazijua nafasi zake 16 na hazisogei. Allen anazijua pia, lakini hakai juu yake: mara anatangulia kidogo, mara anachelewa kidogo, na pale unapongoja pigo zito anakuachia pengo. Mills angeweza kumbana mzee aifuate mashine. Hakufanya hivyo. Alipunguza. Sikilizeni kwa hedifoni mtaona 909 mara nyingi haigusi kile anachokipiga Allen, inapita kwenye mapengo aliyoyaacha. Mtu aliyejenga jina kwa kujaza kila nafasi, hapo anahesabu na kunyamaza.

Tony Allen alifariki Paris tarehe 30 Aprili 2020, akiwa na miaka 79. Tangu hapo Mills ametoa kazi nyingi na watu wengi. Swali langu kwenu: alichojifunza pale kimebaki, au kiliondoka na mzee?

Karibuni.

#2 Mgeni wa Usiku

Naweka kambi hapa. Tekno naijua kwa kusikia tu kwa watu. Ngoja wajuzi waje.

#3 Vijiti Viwili

Mleta uzi, heshima kwako. Mimi ni mpiga drams, nichangie upande wa Tony Allen, maana watu wanasema "mdundo wa Afrobeat" kana kwamba ni pigo moja unaloweza kulifundishwa kwa mchana mmoja.

Ugumu wake uko hivi. Wapiga drams wengi, viungo vinne vinasaidiana kutengeneza jambo moja. Mguu wa kulia na mkono wa kushoto wanapokezana, mkono wa kulia unahesabu. Allen kila kiungo kina mazungumzo yake. Mguu wa kwenye ngoma kubwa hauweki alama ya kila pigo, unaongea. Matoazi ya mguu wa kushoto yanafunguka mahali usipotegemea. Alijifunza kwa kuwasikiliza wapiga jazi wa Marekani, Art Blakey na Max Roach, akachanganya na midundo aliyoikuta nyumbani Lagos. Mwaka 2017 alitoa hata kazi ya kumuenzi Blakey, Blue Note haohao.

Nimejaribu mwenyewe. Unakaa mezani, kidole kimoja kwa kila kiungo, unaanza polepole kabisa. Vidole viwili vinakubali. Ukiongeza cha tatu, cha kwanza kinaacha njia yake kinamfuata mwenzake. Nilikaa wiki nzima kwenye mizunguko minne ya wimbo mmoja, na mpaka mwisho wa wiki nilikuwa naupiga kwa usahihi lakini hauchezeki. Pale ndipo nilipomwelewa yule mzee. Yeye alikuwa anacheza laini, hana haraka, sauti ya chini. Wengi wetu tukitaka kuchangamsha tunaongeza nguvu.

Kwa hiyo mkuu ukisema Mills alipunguza, nakuunga mkono. Ukimfunika Tony Allen na ngoma kubwa ya tekno, ile inayogonga kila pigo, umeua yote anayosema mguu wake. Hakutakuwa na kinachosikika.

#4 Kinanda cha Giza

Uzi mzuri. Ila tusimpe Mills sifa ya kuwa wa kwanza kumpeleka Tony Allen kwenye tekno. Moritz von Oswald wa Berlin alimchukua kwenye kundi lake, Moritz von Oswald Trio, akawa mpiga drams wao na Max Loderbauer kwenye sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti. Albamu yao Sounding Lines ilitoka 2015, mwaka mmoja kabla ya New Morning.

Mimi napenda ile kuliko hii. Von Oswald anaacha vitu vipumue, sauti zinarudi kwa mwangwi na kuyeyuka, drams ya Allen inaelea katikati kama iko chumba cha pili. Kwa Mills kuna wakati naona wawili wanashindana kuongea.

#5 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

@Kinanda cha Giza, umefanya vizuri kuileta Sounding Lines, nilipaswa kuitaja. Naipenda. Lakini umeutaja mwenyewe utofauti wake: "chumba cha pili". Kwenye Sounding Lines drams ya Allen imegeuzwa kuwa sehemu ya mandhari. Imetandazwa, imewekwa mbali, mhandisi ana neno la mwisho. Kwa Mills, Allen yuko mbele yako, ngozi ya ngoma unaisikia. Na anayejibu anajibu papo hapo. Kama kuna sehemu wanagongana, mimi nakubali wagongane. Watu wawili waliokaa meza moja kuna wakati wataongea pamoja.

@Vijiti Viwili, hiyo ya vidole mezani nimeijaribu jioni hii. Kidole cha tatu kimenishinda.

#6 Mzee wa Vol. 1

Nitasema lisilopendwa.

Mimi namfuata Jeff Mills tangu Waveform Transmission Vol. 1 ya 1992, Tresor. Kabla ya hapo nilikuwa na X-101, ile kazi ambayo Tresor walifungulia lebo yao. Kanda ya Liquid Room, aliyorekodi Tokyo Oktoba 1995, niliisikiliza mpaka ikakatika. Pale palikuwa na hatari. Santuri tatu zinazunguka, moja inateleza, anaiwahi, unasikia anaiwahi. Hakusahihisha chochote baadaye.

Sasa hivi kila baada ya muda mfupi kuna albamu. Sayari, nyota, akili, kuona yajayo. The Clairvoyant, Mind Power Mind Control, na bado kuna mfululizo anaoutoa kwa jina la Millsart. Nimenunua nyingi, na nasema kwa uchungu kwamba kuna zilizopita sikioni bila kuacha alama. Sintesaiza inapanda, inashuka, dakika nane zimekwisha. Kijana akiniuliza aanzie wapi kwa Mills, sitampa hata moja ya hizo.

Hizi za kushirikiana sijazisikiliza kwa makini, nakiri. Lakini tekno kwangu ni mtu mmoja na mashine zake. Ukileta kinanda cha jazi, tabla na mshairi, tuiite jina lingine.

#7 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Sitabishana na wewe juu ya Liquid Room. Ile ni kazi ambayo naamini itasikilizwa miaka mia.

Na la wingi wa albamu nakubali zaidi ya nusu. Kuna nilizozisikiliza mara moja. Akiwa peke yake na dhana ya anga za juu, Mills anaweza kukaa mahali pamoja muda mrefu, na hakuna wa kumwambia "tusogee". Ndiyo maana uzi huu nimeuelekeza kwenye ushirikiano.

Ila angalia ulichokisifu. Umesema santuri inateleza na anaiwahi. Hicho ndicho kilichokuwa hai mwaka 1995: kitu kilicho nje ya mikono yake kinamponyoka, inabidi asikilize na kujibu. Leo kompyuta zimeondoa kuteleza. Nadhani amekwenda kuitafuta hatari ileile kwa watu. Tony Allen hatelezi, lakini hujui anakwenda wapi.

#8 Fimbo ya Maestro

Naomba niingize upande wa okestra, kwa sababu hadithi ya Mills na wanamuziki wa ala haikuanza na Tony Allen.

Julai 2005 alipiga na okestra ya taifa ya Montpellier pale Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, mfereji wa maji uliojengwa na Warumi. Ilikuwa miaka 20 tangu UNESCO kuuweka kwenye urithi wa dunia. Alain Altinoglu aliongoza, Thomas Roussel alizipanga nyimbo kwa ajili ya okestra. Ikatoka kwa jina Blue Potential. Kengele za "The Bells" zikipigwa na watu wengi namna ile, chini ya matao ya mawe, usiku, inapendeza mno. Miaka 12 baadaye ikaja Planets, na okestra ya Casa da Música ya Porto, safari ya kupita sayari moja baada ya nyingine.

Na hapa namuunga mkono mleta uzi kwa njia ya kinyume. Okestra ina nota mezani. Mwongozaji anapaswa kushikilia spidi ya mashine tangu mwanzo hadi mwisho, akichelewa nusu pigo kila kitu kinabomoka. Kwa hiyo watu wengi wenye ufundi mkubwa wamekaa wanamsubiri mmoja asiyepumua. Kazi ni nzuri, nimeirudia mara nyingi, lakini hakuna hata mmoja pale anayeweza kumjibu Mills. Mpiga fidla hawezi kusema "leo hapa natulia kidogo".

#9 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

Mkuu, umenena. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naitafutia maneno. Kwenye okestra binadamu ndio wanaoisubiri mashine. Kwa Allen ikawa kinyume chake.

Kati ya hizo mbili kuna Spiral Deluxe, kundi lake na Gerald Mitchell kwenye kinanda, Kenji Hino kwenye besi na Yumiko Ohno kwenye sintesaiza ya Moog. Albamu ni Voodoo Magic, 2018, mwaka uleule wa Allen. Hiyo ni ya kusikiliza ukiwa unapika. Haina madhara, wanamuziki wanajua kazi, lakini sijarudi kwake sana.

#10 Shairi la Alfajiri

Wakuu, mbona hakuna aliyeigusa The Crystal City Is Alive? Ilitoka 2020, Axis, kwa jina la The Beneficiaries. Ni watatu: Mills, Eddie Fowlkes na mshairi jessica Care moore, wote wa Detroit. Fowlkes ni wa kizazi cha kwanza kabisa, "Goodbye Kiss" yake ilitoka 1986 kwenye lebo ya Metroplex ya Juan Atkins.

Mimi niliingia tekno kupitia mashairi, kwa hiyo kwangu hii ndiyo kazi kubwa. Kabla sijaisikiliza niliogopa itakuwa kama kazi nyingi za namna hiyo, muziki uko chini na mtu anasoma juu yake, kila mmoja kivyake. Nilichokikuta ni kwamba sauti ya mshairi ndiyo inayoshika nafasi ya toazi. Anarudia neno, analikata, analivuta. Midundo inampisha anapovuta pumzi. Na maneno yenyewe ni ya watu weusi wa mji ule, wanaojiona kesho, wanaojenga mji wa kioo ambao haujawahi kuwepo. Ukikumbuka tekno ilizaliwa wapi, na vijana gani walioianzisha huku viwanda vya magari vikiwafunga milango wazazi wao, unaona kwamba mshairi hajaletwa kupamba. Alikuwa na haki ya kuwepo pale tangu mwanzo.

Mzee wa Vol. 1, naomba hii uisikilize kabla ya kuipa jina lingine.

#11 Mzee wa Vol. 1

Marahaba mwanangu Santuri. Na wewe Shairi, nimekusikia. Eddie Fowlkes sikujua kama yumo. Nitaisikiliza kwa ajili yake.

#12 Vijiti Viwili

Turudi kwenye swali la mleta uzi: alichojifunza kimebaki?

Jibu langu ni Evolution, albamu ya 2023. Tomorrow Comes the Harvest siku hizi ni jina la kundi lenyewe. Baada ya msiba hawakumtafuta mpiga drams mwingine wa Afrobeat, na hilo mimi nalisifu sana, maana yeyote ambaye angekaa kile kiti angekuwa anapimwa kwa marehemu kila usiku. Dary akabaki, wakamchukua Prabhu Edouard, mpiga tabla.

Tabla ni chaguo la mtu aliyefikiri. Ngoma mbili ndogo, vidole na kiganja, hakuna vijiti. Ile ya kushoto unaibonyeza kwa kiganja huku unaipiga, sauti inapinda, inapanda kama mtu anayeuliza. Na mafunzo yake ni ya mdomo: kila pigo lina silabi yake, dha, dhin, na, tin, mwanafunzi anaitamka kwanza ndipo aipige. Kwa hiyo mpiga tabla amekulia kwenye kuhesabu kwa ulimi. Anaweza kukaa ndani ya mzunguko wenye mapigo 16, upo kabisa kwao, unaitwa tintal, na bado akakufanya usijue mwanzo wake uko wapi mpaka anapotua.

Mashine ina 16, tabla ina 16. Allen alikuwa anazipita hizo nafasi pembeni. Edouard anaingia ndani yake na kuzigawa vipande vidogo zaidi. Mills hapa ana kazi tofauti na ile ya 2018. Naona mara nyingine anarudisha ngoma kubwa, kwa sababu tabla haihitaji nafasi ile ya chini kama mguu wa Allen ulivyoihitaji. Anajaza chini, anaacha juu. Aliyejifunza kupunguza kwa mtu mmoja sasa anajua apunguze wapi kwa kila mtu.

Hivyo kwangu kimebaki.

#13 Kinanda cha Giza

@Vijiti Viwili naomba nikubaliane na wewe, ingawa nilikuja kupinga. Ila mnamsahau Dary. Kwenye kazi zote mbili yeye ndiye anayebadilisha hali ya hewa. Wawili wanapoongea kwa midundo, anakaa kwenye kodi moja, yaani noti chache zinazopigwa kwa pamoja, muda mrefu kabisa, na akihama wote wanahama. Mpiga kinanda mwenye papara angeharibu.

#14 Dada wa Shinjuku

Habari za humu. Mimi nimekuja na ile ya kwenye kichwa cha uzi, maana sioni mtu akiigusa.

The Trip – Enter the Black Hole ilipigwa Tokyo tarehe 1 Aprili 2024, ukumbi wa Zepp Shinjuku, kisha ikatoka albamu. Picha zilitengenezwa na COSMIC LAB, na mwimbaji alikuwa Jun Togawa. Huyu mama Wajapani wanamjua tangu miaka ya 1980, sauti yake inaweza kuwa ya mtoto na ya mtu aliyeona mambo mazito, ndani ya mstari mmoja.

Mills na Japani ni watu wa muda mrefu. Liquid Room ilikuwa Tokyo. Mwaka 2013 alitoa Where Light Ends pamoja na Mamoru Mohri, mwanaanga wa kwanza wa Kijapani kuruka na chombo cha Marekani, mwaka 1992. Kwa hiyo anga za juu kwake si pambo la jalada. Alikaa na mtu aliyefika huko akamuuliza.

Kuhusu Togawa: mleta uzi amesema kazi bora ni zile ambazo mashine inasubiri. Hapa mimi nasikia kitu kingine. Haimsubiri. Inakwenda vilevile, nzito, na yeye anaimba kama mtu anayevutwa ndani, wakati mwingine juu ya mdundo, wakati mwingine ameachwa nyuma kabisa. Kwa mada ya shimo jeusi, ambako hata mwanga hautoki, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mashine ingemsubiri ingekuwa uongo.

#15 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

Dada, umenibana na sina pa kutokea. Nimeirudia albamu baada ya kusoma ulichoandika. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiandikia kwenye daftari langu kwamba "sauti na midundo havikutani", kama kosa. Sasa naona nilikuwa napima kwa kipimo cha Allen. Nitaurekebisha mstari wangu: kinachonivuta ni kwamba kwa kila mtu anaamua upya, atamsubiri au hatamsubiri. Pale Porto hakuwa na nafasi ya kuamua.

Kwenye filamu hana mtu wa kumjibu kabisa, picha zimeshapigwa. Metropolis ya Fritz Lang ya 1927 aliitungia muziki mwaka 2000, na amerudi kuitungia upya, Metropolis Metropolis, iliyotoka 2023. Wapenzi wa filamu bubu wataifurahia. Mimi niliipenda ya kwanza zaidi.

#16 Mgeni wa Usiku

Wakuu nimesoma yote tangu juu. Mimi nilikuja mtupu. Naomba mpangilio, nianze na nini?

#17 Santuri Nyeusi (mleta uzi)

Karibu sana. Anza na "The Seed" ya Allen na Mills. Usiisikilize kwa spika ya simu, tafuta hedifoni hata za kuazima, la sivyo nusu ya mguu wa Allen utaikosa. Ukimaliza, tazama Exhibitionist 2, ile sehemu ya 909, ujue mikono ilikuwa inafanya nini. Halafu Crystal City, Evolution na The Trip. Liquid Room iwekee siku yake peke yake, usimkasirishe Mzee wa Vol. 1.

#18 Mgeni wa Usiku

Nimesikiliza "The Seed" mara mbili. Imenishika, ila nikiri tatizo: sijui nani ni nani. Nikisikia toazi siwezi kusema hili ni la mtu au la mashine.

#19 Vijiti Viwili

Mgeni, swali zuri sana hilo. Kuna njia rahisi. Kwenye 909 ngoma kubwa na zile ndogo zinatengenezwa na saketi, lakini matoazi ni sauti zilizorekodiwa zikahifadhiwa ndani ya mashine. Kwa hiyo toazi la 909 ni lilelile kila linapopigwa: linaanza vilevile, linakwaruza vilevile, linakatika vilevile. Linaweza kuwa kubwa au dogo, umbo halibadiliki lenyewe. La Allen kila pigo lina sura yake, kwa sababu kijiti hakitui mahali pamoja mara mbili, na toazi lenyewe bado linatikisika kutokana na pigo lililotangulia.

Chagua toazi moja tu. Lifuate hilo, achana na mengine yote. Likikuchosha kwa kufanana, umeipata mashine.

#20 Mzee wa Vol. 1

Nimesikiliza Crystal City. Upande wa kwanza nilisimama, nikitaka kuzima. Upande wa pili nilikaa. Kuna mahali yule mshairi anarudia maneno na midundo inashuka chini yake, nikakumbuka usiku wa zamani ambao sitauandika hapa. Jina lingine silipati. Iiteni tekno.

#21 Mgeni wa Usiku

@Vijiti Viwili nimerudia kama ulivyoelekeza, taa nimezima. Nimelipata toazi linalofanana. Nikalifuata, nikalifuata, halafu likanyamaza, na lile jingine likabaki linaendelea peke yake, kila pigo na sura yake. Nimerudisha nyuma mara nne hapo.

Usiku huu naanza Evolution.